Kaseti ile ile, duka lililofungwa miaka sita limefunguka. Wajuzi wa gemu za mkononi njooni

MkazaMwamba (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu,

Nipo Kirumba, Mwanza. Hili jambo limeninyima usingizi tangu juzi, nikaona nisife nalo.

Nina kaseti ya gemu ya Zelda, ile ya Oracle of Ages. Niliinunua Mlango Mmoja kwenye meza ya mtumba, imelala katikati ya rimoti mbovu na chaja za simu za batani, buku tano. Naichezea kwenye Game Boy Color, mashine ya gemu ya mkononi, ya zambarau, niliyoachiwa na mjomba. Ndani ya gemu kuna mji, na kwenye mji kuna nyumba moja haifunguki. Gemu nimeimaliza mara mbili. Nimerudi pale na upanga, nimerudi na mabomu, nimerudi na kila kifaa kilichomo. Miaka sita, mlango umefungwa. Nikajua ni pambo tu, kama ghorofa la mtu aliyeishiwa hela.

Sasa juzi shemeji karudi toka Dar kaniletea Game Boy Advance SP, imechubuka kona zote lakini nzima. Nikachomoa kaseti kwa mjomba, nikachomeka kwa shemeji, nikaendelea pale pale niliposevu. Nafika mjini, mlango wazi. Ndani kuna mtu kakaa kaunta anauza vitu! Anauza mpaka pete!

Umeme ulikuwa umekatika, nyumba giza, kinachowaka ni hicho kioo na sura yangu. Mke wangu akaniuliza unamfokea nani saa hizi.

Kaseti sijaifungua. Mashine hizo hazijui hata intaneti ni nini. Nani kafungua duka?

FuruWaZiwani

Mkuu ungeanza kwa mchungaji ndiyo uje kwetu.

Nimeweka kigoda siti ya mbele, karanga ninazo.

MzeeWaKamanga

Hiyo kaseti feki. Wachina walichezea program wakaongeza duka. Mtumba wa Mlango Mmoja unategemea nini?

FundiMakoroboi

Siyo feki, na wala siyo jini. Hilo duka lipo kwenye kila kaseti halali ya Oracle of Ages na ya pacha wake Oracle of Seasons tangu zilipotoka 2001. Ni maalum kwa mtu anayechezea kwenye Game Boy Advance. Ukiwa na Color, umefungiwa nje maisha yako yote. Waliotengeneza gemu walijua mashine mpya inatoka mwaka huo huo, wakawawekea wanunuzi wake zawadi.

Mimi hizi mashine nazifungua kila wiki, ngoja niwaonyeshe kilichomo.

Chukua hiyo SP, toa kaseti, mulika tundu kwa tochi ya simu. Pembeni kuna swichi ndogo, kama ulimi. Kaseti za Advance ni fupi na zimekatwa pembe zake, hazigusi ule ulimi. Kaseti ya zamani ina umbo lake, ikiingia inaubonyeza. Ukibonyezwa, mashine inabadilika: umeme wa kaseti unapanda kutoka volti 3.3 hadi 5, na prosesa mpya inakaa pembeni inaiachia kazi prosesa ya kizamani ya biti 8, ile ile ya ukoo wa Game Boy Color. Ndiyo, mle ndani wamo wawili. Kwa hiyo SP haiigizi Game Boy Color. SP ni Game Boy Color, pale kaseti ya zamani inapoingia.

Ndiyo maana ulikuta ulipoishia, kwa sababu kumbukumbu unayosevu inakaa ndani ya kaseti, inashikiliwa na betri ya kidonge. Betri hiyo ina zaidi ya miaka ishirini sasa. Siku utawasha ukute jina lako halipo. Njoo nikubadilishie kabla ya hapo, na ujue kabisa kwamba nikiitoa hiyo ya zamani kila ulichosevu kinafutika.

Sasa kwamba kaseti inajuaje imeingia kwenye Advance na siyo Color, hapo namwachia mtu wa kodi, yaani mwandika programu. Mimi ni wa waya.

FuruWaZiwani

"Mimi ni wa waya" nimeipenda. Mtu wa kodi ajitokeze.

BintiNyegezi

Nipo, nilikuwa nasoma kimya kimya.

Kaka MkazaMwamba, mashine ikiwaka, kabla gemu haijaanza, kuna programu fupi inakimbia kwanza. Ndiyo inayoonyesha ile nembo unayoiona. Ikimaliza inaondoka, ila inaacha namba kwenye rejista (kijisanduku cha namba ndani ya prosesa) inayoitwa A. Kwa hesabu ya heksi (ya msingi wa 16), Game Boy ya kijivu inaacha 01, Game Boy Pocket inaacha FF, Color inaacha 11. Advance inaacha 11 ile ile, lakini kwenye rejista ya pili, B, biti ya mwisho, ile tarakimu ya 0 au 1, inakuwa 1. Basi. Hiyo biti moja ndiyo ufunguo wa duka lako.

Gemu ikiamka kitu cha kwanza inachungulia hapo. Kama mgeni anayepiga hodi na kusikiliza sauti ya anayeitikia: ah, huyu siyo mwenye nyumba, huyu mwanae. Mwandishi akishajua yuko nyumba ya nani, anaamua afanye nini. Wengine hawakufanya lolote. Wengine walitia vitu.

Mfano Shantae, ya 2002, gemu ya Color iliyotoka wakati watu wameshahamia Advance. Ukiichezea kwenye Advance rangi zinang'aa zaidi, na kuna umbo la ziada la kujigeuza ambalo kwenye Color hulipati. Hilo la rangi lilikuwa na sababu yake. Advance ya kwanza haikuwa na taa, kioo chake kilikuwa na kiza kama jiko la kuni, gemu za Color zilionekana zimefifia. Kwa hiyo mwandishi anauliza uko wapi, akijibiwa Advance anaongeza mwanga kwenye rangi zake.

Na Wendy: Every Witch Way ina hatua za ziada kwenye Advance peke yake.

MkazaMwamba

Dada wabeja sana. Biti moja! Miaka sita nimezuiwa na biti moja.

MzeeWaKamanga

Nakubali siyo feki. Lakini hebu tuseme ukweli, huu si ni ujanja? Mtu kanunua kaseti kwa bei kamili, halafu unamfungia chumba mpaka anunue mashine nyingine. Ungepanga nyumba ukakuta stoo ina kufuli la mwenye nyumba ungekubali?

FundiMakoroboi

Mzee wangu, kuna kufuli la ujanja na kuna kufuli la lazima.

Angalia Link's Awakening DX ya 1998. Ile ni kaseti nyeusi, inaingia kwenye Game Boy ya kijivu na kwenye Color pia. Ndani yake kuna pango moja linafunguka kwenye Color tu, na mafumbo yake ni ya rangi: nyekundu, bluu. Game Boy ya kijivu ina vivuli vinne tu, kuanzia kijani cha bwawani hadi kijani cha matope. Mtu utamwambia apige kitu chekundu kwenye kioo hicho? Hapo wamefunga kwa huruma.

Lakini duka la Oracle halina fumbo la rangi wala nini. Pete ingeweza kuuzwa kwenye Color bila shida. Hapo nakupa, ni chambo.

Na nyinyi vijana mnaookota mtumba, zijueni rangi za kaseti. Kijivu ni ya Game Boy ya kwanza. Nyeusi inaenda kote, ila ikikuta Color inavaa nguo za rangi. Ile ya plastiki ya kuona ndani ni ya Color kwenda mbele. Muangalie na kona ya juu: kijivu na nyeusi zina pengo. Swichi ya kuwashia ya Game Boy ya kijivu ina kipande cha plastiki kinachoteleza na kuingia kwenye hilo pengo, kaseti inakuwa imefungwa humo. Kaseti ya Color tupu haina pengo, kwa hiyo swichi inagonga plastiki, mashine haiwaki kabisa. Nimeshaletewa Game Boy ya kijivu "imekufa", mteja kaja nayo toka Magu, kumbe kachomeka kaseti isiyo yake. Nikachomoa, ikawaka. Sikumtoza.

SangaraMbichi

Fundi wewe na kutokutoza wapi na wapi 😂

BintiNyegezi

Niongeze moja kwenye hilo la kaseti kuvaa nguo, maana hapa ndipo nilipoipenda hii kazi.

Kwenye kichwa cha programu ya kila kaseti kuna baiti moja, namba 0143. Ikiwa na 80, maana yake najua rangi lakini hata bila rangi naishi. Ikiwa na C0, nataka Color tu. Sasa kaseti za Game Boy za kabla ya Color hazijui habari hiyo, zimeandikwa kabla Color haijazaliwa. Lakini ukizichomeka kwenye Color hazitoki kijivu. Pokémon Red inatoka na wekundu wake, Pokémon Blue na ubluu. Nani kazipaka?

Mashine yenyewe. Ile programu fupi ya kuwashia inaangalia kwanza kama kaseti imetolewa na Nintendo, kampuni yenye Game Boy. Kama ndiyo, inachukua herufi za jina la gemu, kila herufi ina namba yake, inajumlisha zote, halafu inaangalia kwenye jedwali lake: jumla hii, rangi hizi. Majina mengine yaligongana jumla, ikabidi waangalie na herufi ya nne ili kuwatofautisha. Jedwali zima la kumbukumbu za utotoni mwa watu, limebanwa kwenye nafasi isiyotosha hata picha moja ya WhatsApp.

Gemu isiyokuwemo kwenye jedwali inapewa rangi ya wote. Kama hazikupendezi, wakati nembo inaonekana shikilia kitufe cha mwelekeo, peke yake au pamoja na A au B. Zipo seti 12. Kushoto na B inakupa nyeusi na nyeupe tupu. Mimi hiyo ndiyo naitumia, sipendi Mario mwenye uso wa kijani.

ChifuWaPedi

Mimi nina banda la gemu Mabatini, kwangu watoto ni FIFA asubuhi mpaka jioni, haya ya kaseti siyajui. Ila mmenikumbusha PSP, mashine ya mkononi ya Sony.

PSP iliuzwa imefungwa spidi gavana kama basi la mkoani. Chipu yake ina uwezo wa MHz 333, Sony wakaifunga kwenye 222 kwa ajili ya gemu. Mwaka 2007 wakatoa sasisho, gavana likafunguliwa. God of War: Chains of Olympus ya 2008 ikaenda mwendo wote. Hapo hakuna mashine mpya, ni ile ile uliyonunua, wameilegeza tu. Betri nayo ilijua.

Mwaka 2007 huo huo ikaja PSP nyembamba, ramu MB 64 badala ya 32. Gemu za zamani ndani ya diski hazikubadilika hata herufi, lakini mashine ikawa inatumia ile ramu ya ziada kusoma diski mapema. Ukikaa nazo mbili pembeni unaona moja inasubiri, nyingine imeshaingia.

MzeeWaKamanga

Hiyo ndiyo naitaka. Umenipa mashine bora, gemu yangu ikaenda vizuri, hukunifungia chumba.

NansioBoy

Wakuu mimi natumia emuleta (programu inayoigiza mashine ya gemu) kwenye simu, duka hilo kwangu limefungwa. Tatizo simu?

BintiNyegezi

Simu haina kosa. Emuleta inajitangaza kuwa Color, kwa hiyo inaacha namba ya Color. Nyingine zina sehemu ya kuchagua uwe mashine gani, tafuta kwenye mipangilio, chagua Advance, uwashe gemu upya. Gemu inaamini inachoambiwa, haina macho.

FuruWaZiwani

Haina macho! Kwa hiyo mimi nikijitangaza tajiri hapa Mwanza milango itafunguka?

SangaraMbichi

Itafunguka ya polisi.

Turudi kwenye mada, nina swali la kweli. Mdogo wangu karudi toka Muscat na Switch 2, mashine mpya ya Nintendo. Anayo kaseti yake ya Pokémon Violet ya 2022, ile ya Switch ya kwanza. Ilikuwa inakwama kwama hatari, ukiingia mjini watu wa mbali wanatembea kama picha za kukatwa na mkasi. Kaichomeka kwenye Switch 2 hapa nyumbani Nyakato, bado inakwama vile vile. Kaanza kulia kapigwa. Hii nayo si inatakiwa imtambue mashine mpya?

FundiMakoroboi

Aiunganishe na intaneti kwanza. Switch 2 ilipotoka Juni 2025, gemu hiyo ilipewa sasisho la bure, ikatoka fremu (picha) 30 kwa sekunde kwenda 60. Lakini sasisho halimo ndani ya kaseti. Kaseti ya 2022 haijui kama Switch 2 ipo.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka muione. Kaseti ya MkazaMwamba ilitoka kiwandani na duka tayari ndani, likasubiri mtumba, likasubiri mjomba, likasubiri shemeji arudi toka Dar. Haikuomba bando. Ya mdogo wako inakuja na nusu ya habari, nusu nyingine iko kwenye seva ya mtu. Siku seva ikizimwa, kaseti itakayookotwa Mlango Mmoja mwaka 2045 itakwama kwama kwenye mashine yoyote.

BintiNyegezi

Kweli, ila fundi usiwe mkali sana. Mwaka 2001 waliweza kutia duka kwa sababu walijua Advance inakuja. Aliyeandika Violet 2022 angemtiaje mgeni asiyemjua? Sasisho ndiyo njia pekee ya gemu ya jana kumjua mgeni wa leo.

Pia Switch 2 haina mzee ndani kama SP. Haikubeba chipu ya Switch ya kwanza. Inatafsiri amri za gemu ya zamani papo kwa papo huku gemu inakwenda, ndiyo maana kuna gemu chache zilileta shida mwanzoni. Faida yake ni kwamba gemu ambazo zilikuwa zinajitahidi kufika fremu 60 zikishindwa, sasa zinafika zenyewe bila sasisho, kwa nguvu za mashine. Zile zilizoandikwa zisivuke 30 zinabaki kwenye 30 hata ukizipa mashine ya kurusha roketi. Violet ilikuwa ya aina hiyo.

SangaraMbichi

Asante dada. Tumeweka bando, imeshuka, imekuwa gemu nyingine kabisa. Dogo kanyamaza.

Ila kuna kingine kimemuuma. Duka moja hapa mjini limemuuzia kadi ya kumbukumbu "ya Switch 2", kafika nyumbani mashine inaikataa.

FundiMakoroboi

Ilikuwa microSD ya kawaida. Switch 2 gemu inazisevu kwenye microSD Express tu, ambayo ina mistari miwili ya miguu ya dhahabu kwa nyuma. Ya kawaida ina mstari mmoja. Igeuze kabla ya kulipa.

Na kuna kaseti nyingine za Switch 2 ndani hazina gemu, ni ufunguo tu wa kupakulia. Soma kasha kwanza. Kwa bando za huku utalia mara mbili.

MzeeWaKamanga

Na zile Zelda kubwa mbili mnazosifia, Breath of the Wild na mwenzake, uboreshaji wake kwenye Switch 2 unalipiwa, kama dola 10 kila moja kama huna usajili wao wa Nintendo Switch Online + Expansion Pack. Haya, fundi, hilo ni kufuli la lazima au chambo?

FundiMakoroboi

Mzee leo umenishika. Hilo ni kodi ya stoo.

ChifuWaPedi

😂😂😂

MkazaMwamba

Wakuu nimerudi na taarifa. Baada ya kusoma hapa nilishindwa kukaa. Kaka yangu mkubwa yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, na ana Game Boy ya kijivu, tofali lenyewe, alipewa na mwalimu mmoja mgeni zamani hizo. Nikapita Makoroboi kwa fundi, kanikubali kuniazima Link's Awakening DX yake nyeusi, kaniandikia kwenye karatasi mpangilio wa kusukuma makaburi mpaka pango la rangi lifunguke. Ijumaa nikapanda meli, masaa kama matatu, nikawa naicheza kwenye SP njiani. Ngazi zikatokea, nikashuka, pango linawaka kila rangi. Mtoto wa jirani kwenye benchi kaacha mhogo wake kuangalia. Nikatoka bila kusevu.

Nansio kaka kaweka betri nne mpya za AA. Swichi ikateleza kwenye pengo kama fundi alivyosema, nikaisikia kabisa ikikaa. Gemu ikawaka, kijani tupu. Tukaenda makaburini, nikasukuma kwa mpangilio ule ule, karatasi iko mapajani. Hakuna ngazi. Tukarudia. Hakuna. Nikamchomekea kwenye SP, ngazi hizo hapo. Nikarudisha kwenye tofali, hakuna.

Kaka kanyamaza muda mrefu. Halafu kasema, "Kwa hiyo hii mashine yangu ilikuwa inafichwa vitu miaka yote?" Nikamweleza vivuli vinne, nikamweleza rangi, kaelewa. Kaiwasha tena, kaanza mwanzo kabisa kwenye ile fukwe, jina kaandika lake. Jumapili asubuhi wakati naondoka bado anayo mkononi, kaniambia atanitumia.

FundiMakoroboi

Atakutumia nini?

MkazaMwamba

Kaseti, mkuu.

FundiMakoroboi

Kaseti yangu iko Nansio?

FuruWaZiwani

Nimeenda kuongeza karanga.

MkazaMwamba

Kuna mtu humu anasafiri Ukerewe Jumamosi hii? Aje inbox. Nauli nitachangia.